Pete ya Sufuria

Watoto wa shule wananiita Kiberiti, na siwalaumu. Nikimwona mtoto anatumbukiza kikombe kichafu kwenye pipa la maji ya kunywa, nawaka papo hapo, mwalimu awepo asiwepo. Dada yangu walimwita Bibi Taratibu. Tulipika pamoja katika jiko la shule miaka na miaka, yeye kwenye mwiko, mimi kwenye moto, na mtu mwenye shida jikoni alipitia kwake kwanza, maana kwangu angepewa vidonge vyake kabla hajamaliza salamu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alitutoka mimi hata kutambaa sijajua, na Dada, mwenyewe bado msichana, akanibeba mgongoni huku anapikia nyumba nzima. Mungu hakumjalia mtoto. Mumewe alipofariki nikamwambia ahamie kwangu, akaja na kitanda chake, kanga zake na mwiko wake. Nasema haya mapema ili ujue ninamzungumzia nani. Mimi sikuwa na mwingine.

Jiko letu lilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha moja lililokwama tangu lilipowekwa. Katikati kulikuwa na mafiga matatu na juu yake sufuria kubwa kuukuu, limejaa viraka. Kila asubuhi kila mtoto alikuja na ukuni wake. Ndiyo ilikuwa sheria: huna ukuni, huna uji. Wanautupa kwenye lundo mlangoni, mkavu na mbichi pamoja, mwingine umeokotwa mtoni unachuruzika maji. Ukuni mbichi, jamani, hauwaki, unanuna. Basi moshi unajaa mpaka mimi na Dada hatuonani, tunasikiana sauti tu.

"Kiberiti, upo?"

"Nipo, Dada. Wewe je?"

"Nadhani nipo."

Tulicheka hivyo miaka mingi. Halafu kifua chake kikaanza. Kwanza kikohozi cha asubuhi, kisha cha asubuhi na jioni, kisha akawa hawezi kulala chali, analala ameketi, mgongo ukutani. Nikamburuta hospitali. Daktari akamsikiliza mgongoni, akamwambia avute pumzi, akamwambia tena, akauliza, "Mama, unapikia nini?"

"Kuni, mwanangu."

"Uachane na moshi. Sikutishi, lakini kifua hiki hakiwezi moshi tena. Ukiendelea nao utakuua."

Tulipotoka nje Dada akaanza kumwigiza. "Uachane na moshi! Utadhani ni bwana wangu." Mimi sikucheka. Nikamwambia aache kazi, nitapika peke yangu. Akasimama njiani akanitazama kama nimemtukana. Akasema yeye hajawahi kula kwa jasho la mdogo wake na hataanza uzeeni. Nikapiga kelele, nikalia, nikanuna mpaka jioni. Thubutu! Dada alikuwa mpole, ila akishaamua jambo utamwimbia mpaka ukauke koo.

Ndiyo maana jiko jipya lilipokuja, mimi ndiye niliyelipokea kwa vigelegele kuliko hata Mwalimu Mkuu.

Walilileta watu wa mradi wa majiko ya shule kwenye gari kubwa. Ni jiko la matofali, limezungushiwa bati, refu mpaka kiunoni, na bomba la moshi linalotoboa paa na kwenda zake nje. Juu lina shimo la duara, na sufuria lake la chuma cheupe linaingia mle shimoni lote, linabaki mdomo tu. Chini halikuwa bapa kama masufuria yetu. Lilikuwa la mviringo. Kiunoni lilikuwa na pete nene ya chuma imechomelewa kuzunguka pande zote, na pete ndiyo iliyokaa kwenye ukingo wa jiko ikalining'iniza lile sufuria juu ya moto. Kijana aliyekuja kulijenga alituonyesha kwa kidole chake.

"Mama zangu, hapa kati ya sufuria na jiko pana nafasi ya kidole. Moto unapanda hapa, unalikumbatia sufuria pande zote. Pete inaziba juu, moshi hauna pa kutokea ila kwenye bomba. Hili sufuria na hili jiko ni kitu kimoja. Msije mkavitenganisha."

"Na kuosha je?" nikamuuliza.

"Linaoshwa humo humo. Mnachota maji kwa kopo."

Tukaliwasha. Nilitia kuni chache tu, kama za kuchemshia chai ya wageni, nikangoja kuongeza. Sikuongeza. Uji wa shule nzima ukachemka kwa zile zile. Na moshi? Loo! Nilitoka nje nikatazama juu, nikakaona kauzi kembamba kanapanda kutoka kwenye bomba kanapotelea hewani. Niliporudi ndani Dada alikuwa ananikodolea macho.

"Kumbe una mvi!" akasema. "Mdogo wangu, umezeeka lini? Mbona hukuniambia?"

"Na wewe jitazame! Sura imekunjamana na hukunionyesha!"

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Mwalimu Mkuu akatangaza mstarini kwamba sheria ya ukuni imekufa, wazazi wataleta kuni kavu kwa zamu, mara moja moja. Watoto wakapiga makofi. Siku zikaenda. Kikohozi cha Dada kikapungua, asubuhi moja nikamkuta amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamsikiliza akikoroma, nikamshukuru Mungu.

Masufuria ya zamani Mwalimu Mkuu aliyauza kwa mnunua vyuma chakavu. Nani angeyataka tena?

Sasa ngoja nikwambie kuhusu watu wetu. Hapa kwetu hakuna mwenye sufuria kubwa zaidi ya shule. Mtu akifiwa, watu wanakuja kulala msibani, wanapikiwa, na sufuria linatoka shuleni. Ilikuwa hivyo kabla sijazaliwa. Haliombwi kwa barua. Wanakuja vijana na mkokoteni, wanasema "tumefiwa," unawapa. Likirudi limeoshwa, basi.

Aliyefiwa safari hii ni mhunzi. Mama yake mzazi, bibi mwema, aliaga dunia siku ya Ijumaa. Mhunzi huyu ndiye anayetutengenezea majembe, visu na vitasa, na hata ule mwiko wa Dada mpini wake aliufunga yeye kwa bati. Mtu wa watu. Wakaja wanaume wanne na mkokoteni, kofia mkononi.

"Poleni na kazi, mama zetu. Tumekuja kwa ajili ya sufuria."

"Poleni na msiba," nikasema. "Ila hili halitoki."

Wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, akidhani natania. Nikawaeleza: hili limejengewa humu, lina pete yake, na aliyelijenga amekataza lisitoke. Wakanisikiliza kwa adabu zote, kisha mkubwa wao akasema polepole, "Mama, kwa hiyo tukamwambie mwenzetu kwamba mama yake azikwe watu wana njaa, kwa sababu ya pete?"

Nikajibu ndiyo. Kweli nilijibu hivyo. Mwalimu Mkuu akaitwa, akaja akifuta chaki mikononi, akasikiliza huku na huku. Yeye si wa hapa. "Mama," akaniambia pembeni, "mimi nikiwanyima watu sufuria la msiba, nitaishi na nani hapa?" Na mimi nikamwambia, "Ukiwapa, mimi nitapika na nini?"

Dada ndiye aliyemaliza maneno. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anachambua maharage. Akainuka, akafuta mikono.

"Wapeni," akasema. "Yule bibi alinipa kuku siku niliyofiwa na mume wangu. Leo nikae hapa nahesabu mambo ya pete? Chukueni, wanangu. Ila Jumatatu asubuhi liwe hapa, na mlibebe kwa uangalifu."

"Dada!"

"Kiberiti, zima."

Nikazima. Wakalinyanyua, watu wanne, likatoka shimoni tumbo limeshika masizi, pete inang'aa. Jiko likabaki limeachama. Nililitazama lile shimo, roho yangu haikutulia, lakini ningefanya nini?

Mazishini sisi tulikaa na wanawake wa ndani, wale wa kufariji. Waliokuwa jikoni, nyuma ya nyumba, ni wengine. Nilikula chakula cha lile sufuria na sikuuliza kitu.

Jumatatu asubuhi mhunzi alilileta mwenyewe. Alikuja anasukuma mkokoteni, amenyoa kipara cha msiba, macho mekundu bado. Wenzake walitaka kumsaidia akakataa, alisema kazi hii ni yake. Sufuria lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Akauinamisha mkokoteni likateleza chini, mlangoni pa jiko, na likasimama.

Likasimama, narudia. Sufuria la mviringo haliwezi kusimama. Nikainama. Chini lilikuwa bapa, limegongwa pande zote, alama za nyundo zimepangika vizuri, kazi ya fundi hasa. Na kiunoni hapakuwa na kitu. Palikuwa na mstari tu umelainishwa kwa tupa ili usikate mtu mkono.

"Pete iko wapi?" nikauliza.

Mhunzi akatabasamu. Hilo ndilo sitalisahau, alitabasamu, mtu aliyezika mama yake juzi. "Mama zangu, waliowauzia sufuria hili waliwapunja. Wanawake walipolitenga kwenye mafiga likawa linabingirika kama yai, mara mbili limemwaga maji, nusura liwaunguze. Na ile pete ilikuwa inagonga mafiga, halikai. Nikasema hapana, hawa mama zetu wametustahi, wametupa chombo chao wakati wa shida, siwezi kuwarudishia kibovu. Nikawasha moto wangu usiku ule ule wa msiba, nikaliweka sawa. Pete nimeikata. Tazameni sasa linavyokaa!" Akalisukuma kwa mguu. Halikutikisika. "Na sitaki chochote. Ni shukrani yangu."

Mimi ni Kiberiti. Nimemtukana mwenyekiti wa kamati ya shule mbele ya mkewe. Nimemfukuza mkaguzi jikoni kwangu na mwiko mkononi. Lakini nilimtazama mtu yule na kile kipara chake. Ungemwambia nini? Nilitaka kumrukia, na nilitaka kumpa pole, vyote kwa pamoja. Nikageuka nikamwangalia Dada.

Dada alikuwa ameona. Aliona kabla yangu. Akapitisha kiganja pale palipokuwa na pete, kuzunguka pande zote mpaka aliporudi alipoanzia.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia. "Umefanya kazi nzuri. Pole sana kwa mama."

Tulijaribu, usidhani hatukujaribu. Tulilishusha shimoni likadumbukia lote mpaka chini, likaufunika moto ukazimika. Tukalipandisha juu ya matofali, moshi ukatoka pande zote. Tukaziba kwa udongo, udongo ukakauka ukapasuka, ukaangukia kwenye uji. Tukamwita mhunzi na kumweleza. Nilidhani atakasirika. Alikaa chini pale pale kwenye majivu, akashika kichwa. Akaenda akairudisha ile pete, akaifunga kwa misumari ya kugongea, maana chuma kile cheupe moto wake haukuweza kukiunganisha. Ikashika asubuhi nzima. Maharage yalipoanza kuchemka, pete ikaachia. Sufuria likashuka na maharage yake yote, likavunja matofali ya ndani, mvuke ukaruka mpaka darini. Dada aliruka nyuma, kanga yake ikalowa mchuzi wa moto, mguu ukaponea chupuchupu. Watoto siku ile walirudi nyumbani na njaa.

Mwalimu Mkuu akawapigia simu watu wa mradi. Aliwapigia mbele yetu, sauti ameiweka wazi ili tusikie. Mwanamke mmoja, mpole sana, alisema anasikitika. Mradi ulishafungwa. Yule kijana alishahamia kazi nyingine. Masufuria hayauzwi peke yake, yanakuja na jiko, na kwa kuwa letu limekatwa na sisi wenyewe, hawana namna ya kulihesabu kama limeharibika. Kama mradi mwingine utakuja, shule yetu itafikiriwa. Mwalimu Mkuu akasema ahsante. Na yeye angesema nini?

Basi mafiga yakarudi. Tuliyatoa nyuma ya choo, tukayaosha, tukayapanga mle mle, kando ya jiko lililokufa. Mstarini Mwalimu Mkuu akatangaza, macho chini, kwamba sheria ya ukuni imerudi. Na sufuria la mhunzi likatengwa juu ya mafiga, likakaa sawasawa, na moshi ukarudi kwenye nyumba yake.

Nilimwendea Mwalimu Mkuu nikamwomba aniongezee mtu, Dada akae nje. Akasema kamati inalipa wapishi wawili tu. Akiingia mmoja, mmoja atoke. Nikamwambia basi atoke Dada. Jioni Dada akapata habari.

"Umeniuza," akaniambia. Hakuwahi kunisemesha vile. "Unataka nikae kwako nikusubiri uniletee sahani? Mimi?"

"Daktari alisema nini, Dada? Alisema nini?"

"Daktari hapiki."

Nikabadili mbinu. Nikamweka mlangoni, kwenye kigoda, achambue nafaka, mimi nikapika peke yangu. Lakini sufuria lile halinyanyuliwi na mtu mmoja, na uji wa shule nzima haukorogwi kwa mkono mmoja ukiwa unachochea kwa mwingine. Kila nikianza kuhema namwona amesimama kando yangu kwenye moshi, ameshika mwiko. Namtoa. Anarudi. Namfokea mbele ya watoto. Anasubiri nimalize kufoka, anarudi. Nilimwambia namchukia. Akasema, "Najua, sogea, unaunguza."

Mvua zikaanza. Kuni zote zikaja zimelowa. Watoto maskini walizikumbatia chini ya sweta zao njia nzima zisilowe, na bado zililowa. Hapo ndipo nilipojua kwamba nitampoteza, na hapakuwa na wa kumwambia. Alianza tena kulala ameketi. Nikawa naamka nasikiliza, na alichokuwa anavuta hakikuwa pumzi, ilikuwa filimbi. Asubuhi anaoga, anafunga kanga, ananitangulia kazini.

Asubuhi moja nikaita kwenye moshi, "Dada, upo?"

Hakujibu. Nilimkuta amepiga magoti, mkono mmoja umeshika jiko la matofali, midomo imekuwa ya kijivu. Walimu wakambeba. Mhunzi alitupakia kwenye mkokoteni wake mpaka barabarani, anakimbia, mvua inampiga usoni. Hospitali akawekewa hewa ya mtungi. Alikuwa daktari yule yule. Akaniuliza, "Alikuwa bado anapika kwa kuni?"

"Ndiyo."

"Si niliwaambia?"

"Ulituambia."

Nilitaka kumweleza habari za jiko, za bibi aliyekufa, za pete. Nikafungua mdomo nikaona ni hadithi ndefu, na wagonjwa wengine wanamsubiri. Dada alifariki alasiri, mkono wake mkononi mwangu. Mkono wenyewe ulinuka moshi.

Tulipomrudisha nyumbani watu walikuwa wameshajaa. Wakaja vijana na mkokoteni, wakasimama mbele yangu, kofia mkononi. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa jiko.

Nikaufungua kwenye pindo la kanga nikawapa.

Wakalitenga nyuma ya nyumba yangu. Mafiga mhunzi aliyapanga mwenyewe, kisha akaenda kuchimba kaburi na hakutaka kupokewa jembe. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye mkeka na wanawake wa kunifariji, na kwa pale nilipokaa nililiona. Limekaa wima, limetulia. Walimimina maji ndoo kwa ndoo wala halikutikisika. Watoto wa shule walipofika, kila mmoja alikuwa na ukuni wake. Hakuna aliyewaambia. Wakautupa kwenye lundo, wakaja kunipa mkono.

Mama mmoja kijana, mgeni, ameolewa hapa juzi juzi, ndiye aliyeshika mwiko. Alikuja kuniuliza chumvi iko wapi, macho yanamchuruzika kwa moshi. Akakohoa, akajifuta, akatafuta neno zuri la kumwambia mfiwa.

"Pole sana, mama. Sufuria lenu hili, Mungu awabariki, linakaa vizuri sana."

"Ni la shule," nikamwambia. "Mkimaliza mlioshe. Jumatatu nalihitaji."